Bunduki Isiyotekwa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, nilitia sahihi mara tatu kwenye kitabu cha duka la silaha, na muuzaji akanisogezea juu ya kaunta bunduki ya marisau yenye mtutu mmoja. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nilikuwa nimeingoja tangu nikiwa na kumi na mmoja.

Ningependa kusema niliipokea kwa utulivu, maana mimi ni fundi mizani na utulivu ndiyo kazi yangu. Mtu anayerekebisha mizani ya dhahabu ya wachimbaji wa Chunya, ambayo hata pumzi ya pua huweza kuiyumbisha, hujifunza kutotetemeka. Siku hiyo nilitetemeka. Muuzaji aliona, akacheka.

"Taratibu, mzee. Si mtoto mchanga huyo."

"Mtoto mchanga nisingemwogopa," nikamwambia. "Nimelea wanne."

Kitako kilikuwa cha mti wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilikinusa. Kilinuka mafuta na kitu kingine ambacho nilikitambua mara moja, ingawa nilikuwa sijakinusa kwa miaka arobaini: harufu ya bega la baba yangu.

Baba alikuwa na gobole. Tulilima mahindi upande wa Mafinga, chini ya msitu, na nguruwe pori walikuwa wakishuka kila mahindi yanapoanza kukaza punje. Mimi nilibeba kifuko cha baruti, nikitembea hatua tatu nyuma yake, si mbili wala nne. Kisha ukaja wito wa kusalimisha magobole. Baba alilipeleka lake ofisi ya kata akiwa amelibeba begani, akarudi anapunga mikono yote miwili kama mtu aliyesahau kitu njiani. Kuanzia hapo tukalinda shamba kwa kupiga madebe. Nguruwe waliogopa madebe msimu mmoja tu. Msimu wa pili tuliamka tukakuta kipande chote cha kando ya kijito kimelala chini. Baba alihesabu mistari iliyolala, akafika thelathini na kitu, akaacha kuhesabu. Nikajiapia kwamba nikiwa mkubwa nitanunua bunduki, tena ya halali, yenye karatasi, ambayo hakuna atakayenidai niirudishe.

Shule niliishia darasa la saba. Yote niliyoyajua baadaye niliyasoma mwenyewe, jioni, kwenye vitabu vya mitumba na vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya mashine. Kwa hiyo nilipoamua kuomba kibali cha silaha, nililifanya ombi kuwa somo. Nilinunua daftari kubwa, nikanakili masharti yote kwa mkono, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu. Nikapata barua ya mtaa, barua ya kata, nikachukuliwa alama za vidole, nikasubiri vikao. Miaka ikapita. Siku ya kuhojiwa, afande aliyekuwa mezani aliniuliza swali ambalo nililiona la kitoto.

"Unaitaka ya nini?"

"Nguruwe pori, afande. Wanamaliza mahindi."

"Hapa Soweto, mjini Mbeya, kuna nguruwe pori?"

"Hapana. Shamba liko mkoa wa Iringa. Dada yangu ndiye anayelisimamia."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Soweto."

Aliandika kitu, akanitazama kwa muda, akaandika tena. Nilitoka pale nikijisifu kwamba nimejibu kila swali bila kukosea.

Sharti mojawapo lilikuwa sanduku la chuma, lenye kufuli madhubuti, lililofungwa ukutani kwa boliti. Hapo ndipo anapoingia mtani wangu.

Mtani wangu ni Mngoni, fundi wa kuchomelea, na karakana yake iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi ni Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi tuyatumie kwa amani. Kwa zaidi ya miaka ishirini mimi na yeye tumeishi kwa kanuni moja: mmoja akinunua kitu kipya, mwenzake ana haki ya kukiteka, na mwenye kitu ana wajibu wa kukikomboa. Niliponunua baiskeli, aliipanda kutoka mlangoni kwangu mpaka Mwanjelwa, na niliikomboa kwa jogoo. Yeye aliponunua mashine ya kusagia vyuma, nilikatiza safari ya Chunya ili niwahi kuuteka waya wake. Wakati wa mazishi ya baba yangu, alisafiri mpaka kijijini kwetu, akaingia kaburini na suti yake, akalala chali, akatangaza kuwa hatoki mpaka Wahehe wamletee mbwa wa kukaanga, kitoweo ambacho watani hutusingizia. Mama yangu alikuwa amelia siku mbili mfululizo. Alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke.

Sanduku lile alilitengeneza kwa siku nne, akakataa malipo ya ufundi. Nilinunua vyuma tu. Lilikuwa kazi safi. Nililipima pembe kwa pembe na sikupata kosa hata la milimita moja. Kosa nililiona siku afande alipokuja kulikagua. Alipofungua mlango, upande wa ndani palikuwa na herufi kubwa zilizoandikwa kwa kuchomelea, nene kama vidole: KITOWEO.

"Hii ni nini?" afande akauliza.

"Ni mtani wangu, afande. Anasema Mhehe akinunua bunduki, mbwa wa mtaa wahame."

"Mngoni?"

"Mngoni."

Afande aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Mabega yakamcheza. Akagonga muhuri.

Mama yake mtani wangu alikuwa anakaa naye pale pale. Alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, mwembamba, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kila nilipopita alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karakana, anachambua mchele au anachagua maharage.

"Mhehe wangu! Umekula wangapi leo?"

"Mmoja tu, mama. Nimekubakizia mkia."

"Mkia mpelekee mkeo, ndiye mwenye meno."

Mwaka mmoja kabla ya bunduki kufika, aliniita karibu, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye nguvu kuliko nilivyodhani.

"Sikiliza," akasema. "Siku yangu ikifika, hawa wanangu watachimba kivivu. Watanikunja kama shati. Wewe ni mtu wa vipimo. Uingie wewe kwanza, ulale humo, unipimie. Mhehe ana faida hiyo moja tu hapa duniani."

"Nitakuja na futi kamba, mama."

"Na usinizike kimyakimya. Nimeishi na kelele."

Tukapeana mikono. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari langu dogo, kama ninavyoandika miadi yoyote.

Basi, turudi kwenye Alhamisi ile. Bunduki ilifika Soweto saa sita mchana. Niliifungua juu ya kitanda, nikaifuta, nikaifunga tena. Mke wangu alisimama mlangoni bila kuingia. Mimi nilikuwa na furaha ya namna ambayo sijui kuieleza bila kuonekana mjinga. Nilitembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, na kila nilipoipita nilishika kitako. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeiweka sandukuni nilipomsikia mtani wangu uani. Alikuwa amenawa mikono mpaka viwikoni na kuvaa miwani yake ya kuchomelea, kama mtu anayekuja kufanya upasuaji.

"Mhehe! Leta mateka!"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilichukua daftari kubwa, nikasimama mlangoni, nikamsomea. Silaha haitashikwa na mtu mwingine asiye na kibali. Haitaazimwa. Haitatolewa nje ya sanduku bila sababu. Nilisoma yote, pamoja na namba za vifungu. Yeye alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

"Umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza. Si mimi, ni sheria. Hiki hapana, bwana. Kingine chochote teka."

Alivua miwani. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sawa," akasema. "Nimekuachia."

Asiyekulia kwenye utani anaweza kuliona neno hilo kuwa la kawaida, hata la ukarimu. Katika miaka ile yote hatukuwahi kuambiana hivyo. Mtani haachii. Anateka, anadai, anapunguziwa, anatukana, anapokea jogoo. Unamwachia mgeni. Unamwachia mtu ambaye wewe na yeye hamna deni la kucheka.

Asubuhi iliyofuata nilipita karakana yake, nikangoja tusi langu. Alizima mashine, akasimama wima.

"Habari za asubuhi, mzee."

Mzee! Tuna umri mmoja. Nikamwita Mngoni mkimbiaji. Akatabasamu kama karani wa benki. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Aliniuliza habari za familia. Aliniuliza habari za kazi. Adabu yake iliniumiza kuliko tusi lolote alilowahi kunipa, na mama yake pale kwenye kigoda alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeangalia mizani isiyokaa sawa.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Niliitwa Chunya kurekebisha mizani mitatu, kazi ya siku mbili, na mke wangu akasema, "Nenda. Lakini mimi na hicho kitu hatulali nyumba moja bila wewe." Sikwenda. Nikajiambia kwamba yote yatajibiwa siku nitakapoifikisha shambani. Nikaomba ruhusa ya kusafiri nayo, nikapewa siku kumi, na wiki ya tatu tangu niinunue nikaondoka nayo kwenda Mafinga ndani ya ala yake, ikiwa tupu, risasi zikiwa kwenye mkoba mwingine. Nilipopita karakana nilimkuta mama wa mtani wangu peke yake. Alikuwa amejifunika blanketi mchana.

"Mhehe, unaenda vitani?"

"Kwa nguruwe, mama."

"Ndugu zako hao. Rudi mapema."

Shambani dada yangu mkubwa alinipokea kwa shangwe. "Kamwene, mdogo wangu! Umekuja na radi!" Mahindi yalikuwa yamefika kimo cha mtu, na nyayo za nguruwe zilikuwa mbichi kando ya kijito kile kile. Kwa siku nne tulikaa pamoja mchana na usiku, bunduki na mimi, kwa sababu kwa dada hakukuwa na sanduku. Niliipeleka hata chooni. Dada aliniambia niioe kabisa.

Alfajiri ya siku ya tano, saa kumi na moja na dakika hamsini, walitoka. Saba. Niliwahesabu katika ule mwanga wa kijivu: dume mbele, madoa meupe usoni, wengine wakimfuata kwa mstari, bila haraka, kama watu wanaokwenda shambani kwao. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kichuguu. Nilisikia wakivunja bua la kwanza. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu kama nilivyosoma, nikavuta triga.

Sitadanganya: katika maisha yangu sijawahi kusikia kitu kitamu kama mlio ule. Bonde zima liliujibu. Bega langu liliruka, ndege wakapaa kutoka kila mti, na nguruwe saba wakageuka pamoja na kupasua mahindi kuelekea msituni, wakipiga kelele kama milango mibovu. Sikumpata hata mmoja. Sikujali! Nilisimama juu ya kichuguu nikapiga kelele, mimi ambaye hata kanisani siimbi kwa sauti. Dada alitoka na khanga moja akipiga vigelegele. Nilikuwa nacheka na kulia. Nikaona kabisa baba anarudi kutoka ofisi ya kata, na safari hii mikono yake haikuwa mitupu.

Nilitaka kumwambia mtu. Bondeni hakuna mtandao, hivyo nikapanda kilima, bunduki mgongoni, nikapata vistari viwili vya simu. Mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia alikuwa mtani wangu. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi: Mngoni, wamekimbia kama babu zako. Kabla sijabonyeza jina lake, ujumbe wa mke wangu wa jana jioni ukaingia.

"Mama wa fundi ametutoka saa kumi. Mazishi kesho saa tisa. Watu wanakuuliza."

Kesho ya ujumbe ule ilikuwa leo. Nilitazama saa. Saa moja na dakika tano.

Kutoka pale mpaka Mafinga ni saa moja kwa bodaboda. Kutoka Mafinga mpaka Mbeya, nikipata gari la kasi, saa tano. Nilikuwa na muda, na hata wa kuzidi. Nilikuwa nimeshashuka nusu ya kilima nilipokumbuka kilichokuwa mgongoni mwangu.

Dada nisingeweza kumwachia. Nilikuwa nimepigia mstari mwekundu sharti hilo kwa mkono wangu. Makaburini nisingeweza kuingia nayo. Kuipeleka nyumbani kwanza, kuifungia, kisha kukimbilia makaburini, kulitegemea gari lenye kukubali kunipakia na bunduki. Nilijaribu mawili barabarani; makondakta walitazama ala, wakatazamana, wakasema wamejaa. Viti vilionekana vitupu dirishani. Ikabaki njia moja: kituo cha polisi, niikabidhi kwa maandishi.

Afande wa zamu alikuwa mkarimu, ila funguo za ghala zilikuwa kwa mkuu wake, na mkuu wake alikuwa ametoka.

"Naomba niiache hapa mezani, afande, nitie sahihi. Nina msiba."

"Mzee, silaha si mwavuli. Huiachi mlangoni."

"Ni mama wa mtani wangu. Nilimwahidi nitampimia kaburi."

Aliniangalia vizuri. "Wewe Mhehe?"

"Mhehe."

"Na marehemu Mngoni? Basi umekwisha." Alinisogezea benchi. "Kaa. Nitampigia tena."

Nilikaa pale kuanzia saa mbili na nusu, bunduki imelala kwenye mapaja yangu. Nilifanya hesabu, maana sijui kungoja kwa njia nyingine. Nilikuwa nimeimiliki kwa siku ishirini na tano. Katika siku hizo ilikuwa imefanya kazi kwa muda usiofika sekunde moja. Muda uliobaki wote nilikuwa nimeifanyia kazi mimi. Nikalikumbuka swali la afande yule wa kwanza: na wewe unakaa wapi? Nikasema kimoyomoyo, kwa maneno wazi, kwamba nimekosea. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kusema. Sikuwa na huzuni. Nilichokuwa nacho ni haraka, haraka kubwa, kama ya kijana anayechelewa kwenda kuposa.

Mkuu alifika saa nne na dakika ishirini. Dakika kumi baadaye nilikuwa na karatasi mfukoni na mgongo mwepesi, nakimbia.

Nilichopata ni lori la mbao. Dereva, jitu lenye kofia ya sufu, alifungua mlango huku gari linatembea.

"Panda, mnyalukolo, mtu wa kwetu! Unawahi wapi?"

Nikamweleza huku nahema. Alipiga usukani kwa kiganja.

"Saa tisa? Na huu mzigo? Bwana, tuombe wachimbaji wawe walevi!"

Tulishuka kuelekea Makambako injini ikiimba. Kisha tukasimama. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya malori kwenye mzani wa barabara. Mimi, ambaye nimeishi kwa mizani, nilikaa dakika hamsini nikingoja mzani. Dereva aliona nilivyokuwa nikinyoosha shingo.

"Unautazama sana. Una nini nao?"

"Ni kazi yangu. Mimi fundi mizani."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Leo umepatikana! Leo wewe ndiye mzigo!"

Saa saba tukaondoka. Igawa, Chimala, Igurusi. Niliziona zikipita huku nikitoa saa mfukoni na kuirudisha. Saa tisa ilitukuta Chimala. Dereva alinitazama kwa pembe ya jicho, na mguu wake ukashuka zaidi. Nilimwona mama yule anashushwa kimyakimya, katika kaburi ambalo hakuna aliyelilalia. Nilimwona mtani wangu akipokea pole za watu wastaarabu. Alikuwa amenilalia kaburi la baba yangu na suti yake, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na bomba la chuma.

Soweto nilishuka saa kumi na moja kasoro dakika tano. Dereva alikataa nauli. "Nenda kamsumbue marehemu!" akapaza sauti. Nilikimbilia makaburini kwa viatu vyenye matope ya Mafinga, miaka hamsini na miwili, futi kamba ninayotembea nayo siku zote ikigonga pajani, nikiwa na uhakika kwamba nitakuta udongo mpya na shada la maua.

Nilikuta umati umesimama. Jeneza lilikuwa juu ya miti miwili, bado. Katekista alikuwa akitazama saa yake kwa njia ya mtu aliyekwisha kuitazama mara nyingi. Na pembeni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani, alikuwa ameketi mtani wangu, na suti yake ile ile.

"Jua linazama, ndugu," katekista alikuwa anamwambia. "Tumesubiri vya kutosha."

"Mama alisema atapimwa," akajibu bila kuinua kichwa. "Hajapimwa."

Sikupiga hodi. Nilipenya katikati ya watu, nikaruka. Kaburi lilikuwa na kina kirefu kuliko nilivyodhani. Nilitua kwa magoti. Juu yangu sauti ya mwanamke mmoja ikapasuka: "Mhehe huyo! Mhehe ameingia!" Na makaburi yote yakalipuka.

Nililala chali. Nikatoa futi kamba.

"Urefu!" nikatangaza. "Mita mbili na sentimita tatu! Upana, sentimita sabini na moja huku, sitini na sita kule! Mmempunja! Nani alichimba hapa, Wangoni au panya?"

"Toka humo, mla mbwa!"

"Sitoki! Mama yangu aliomba asikunjwe kama shati. Leteni jembe, mpanue miguuni sentimita tano, ndipo mzungumze na mimi!"

Watu walikuwa wanacheka huku wanafuta macho. Jembe likashushwa kweli, na nikachimba mwenyewe, udongo ukiingia kwenye kola. Uso wa mtani wangu ulikuwa ukingoni, dhidi ya anga. Macho yalikuwa mekundu.

"Bunduki iko wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa sauti kubwa.

"Iko polisi Mafinga."

"Imekamatwa?"

"Nimeikabidhi. Nimechelewa sana kuikabidhi, ndiyo maana nimekawia."

"Kwa hiyo umekuja mikono mitupu."

Nikainua mikono yote miwili, yenye udongo, nikaipunga. "Mitupu."

Alinitazama. Kisha akapiga goti, akaninyooshea mkono anivute. Nilishika. Nilipokuwa nusu ya kutoka, mkono wake wa pili ulipita kiunoni kwangu kama wa mwizi wa stendi, na nilisikia mlio wa funguo. Aliachia mkono, nikaanguka tena kaburini. Aliinua juu funguo za sanduku langu la chuma.

"Nimeteka!" akapiga kelele, na sauti ikamkatikia katikati. "Sikuachii, Mhehe! Sikuachii! Jogoo, tena mwekundu!"

Nilikaa chini mule ndani nikifikiri upesi. Sanduku lilikuwa tupu. Katika daftari lote nililolinakili, hakuna kifungu kinachosema chochote kuhusu funguo za sanduku tupu.

"Mngoni mwizi!" nikamjibu. "Utampata jogoo, lakini mguu mmoja nitaula mimi!"

Tulimzika mama saa kumi na mbili kasoro robo, kwa kelele, kama alivyotaka, katika kaburi lenye upana sawa pande zote mbili.

Bunduki niliifuata wiki iliyofuata, na kwa ruhusa ya polisi nikairudisha dukani kwa yule yule muuzaji, aliyeinunua kwa bei ya kitu kilichotumika ingawa ilikuwa imelia mara moja tu. Nguruwe bado wanashuka. Dada na majirani wamezungusha uzio wa miiba upande wa kijito, na mwaka huu walipoteza mistari sita. Sanduku liko kwa mtani wangu. Aliliteka mchana kweupe akiwa na mkokoteni, na safari hii nimekataa kulikomboa. Ameweka humo vijiti vyake vya kuchomelea, na mlango huwa wazi, ili kila mteja asome KITOWEO. Asubuhi nikipita ananiuliza nimekula wangapi. Ile sauti ya kunifikia ng'ambo ya barabara ameirithi yeye.

Nimepiga hesabu mara mbili, kama ninavyofanya kwa kila mzani. Ukijumlisha bei ya bunduki, barua na safari, vyuma vya sanduku na risasi, ukatoa alichonirudishia muuzaji, kisha ukaongeza jogoo mwekundu wa elfu ishirini, nilipoteza shilingi milioni moja, laki sita na elfu kumi na tano.